Barua ya Mfungwa Si Wimbo wa Jioni

Kuna sahani za zamani za gramofoni zisizo na ngoma wala gitaa ndani yake. Ni sauti ya mtu mmoja tu, anasoma. Zilitengenezwa kwa wingi katika Ulaya na Marekani baada ya vita kuu ya pili, na siku hizi sauti zake zimetolewa upya. Zinapita katika simu, na wale wanaosikia Kiingereza wanatumiana na kuzisifu. Mimi sina ugomvi na sahani. Nina ugomvi na namna fulani ya kuzisikiliza, na zaidi na namna watu wanavyoyasikiliza maneno ya Oscar Wilde, mtunga michezo ya tiatri wa Irlandi, aliyoyaandika akiwa gerezani, yakasomwa baadaye na wachezaji wenye sauti tamu. Wanasema: Sikia jinsi mtu huyu alivyotubu! Sikia jinsi alivyosema vizuri juu ya Kristu! Nami nawajibu: Ndugu, mmesikia kipande. Tena mkono uliokata kipande hicho haukuwa mkono wa mfungwa.

Tuanze na sahani yenyewe. Edison alipojaribu mashine yake mwaka 1877, hakuimba. Alisema maneno ya shairi dogo la watoto, na mashine ikamrudishia. Basi tangu siku ya kwanza chombo hiki kilikuwa cha maneno kama kilivyokuwa cha muziki. Lakini sahani za kale zilikuwa fupi mno. Ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, upande wake mmoja ulibeba dakika nne au tano tu. Nani atasikiliza insha kwa vipande vya dakika nne, akiinuka kila mara kugeuza sahani? Waliofikiriwa kwanza ni vipofu: katika Marekani mwaka 1934, katika Uingereza mwaka 1935, zilianza kutolewa sahani za pekee, zenye kuzunguka polepole, za kubeba vitabu vizima. Kati ya waliozingoja walikuwamo maaskari waliopoteza macho yao katika vita ya 1914-1918. Kazi hiyo naipa heshima bila maneno mengi. Halafu mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta sahani ya kuzunguka mara 33 na theluthi moja, upande mmoja dakika ishirini na zaidi. Na mwaka 1952 wasichana wawili wa New York, Barbara Cohen na Marianne Roney, wakaanzisha nyumba ya sahani iitwayo Caedmon, wakamwita mshairi Dylan Thomas asome mbele ya mikrofoni. Toka hapo mlango ukawa wazi. Washairi, watunga michezo, insha, barua, yote yakaingia.

Nimeyataja hayo kwa sababu ya hesabu. Barua ya Wilde ina maneno yapata 50,000. Mtu anayesoma vizuri bila kukimbia husoma kama maneno 150 kwa dakika. Gawanyeni wenyewe: ni saa tano na nusu. Sahani moja, pande zake zote mbili, ni kama dakika arobaini na tano. Basi barua nzima ingetaka sahani saba au nane. Ndiyo sababu wenye sahani walikata. Mfanya biashara hana kosa akiuza kipande, kama muuza nguo anavyouza kipande cha jora. Lakini muuza nguo hakuambii kwamba kile kipande ni jora lote.

Sasa mtu mwenyewe. Oscar Wilde alizaliwa Dublin mwaka 1854. Aliandika insha zenye sifa, kama zile za kitabu *Intentions* cha mwaka 1891, na ile ya mwaka uleule juu ya roho ya mtu na usosialisti. Kisha michezo yake minne ya kuchekesha ikaonyeshwa London kati ya 1892 na 1895, na mji mzima ukamsifu. Mwezi wa pili wa mwaka 1895 michezo yake miwili ilikuwa ikichezwa London kwa wakati mmoja. Mwezi wa tano alikuwa mfungwa. Alikuwa amemshitaki baba wa rafiki yake kijana, Lord Alfred Douglas, kwa kumchafulia jina. Mashtaka yakamgeukia, naye akahukumiwa kwa ajili ya mambo ya mwili na wanaume, yaliyokuwa kosa kwa sheria ya mwaka 1885. Adhabu yake ilikuwa miaka miwili na kazi ngumu. (Mwaka 2017 serikali ya Uingereza iliwatangazia msamaha maelfu ya watu waliokwisha kufa, waliohukumiwa kwa sheria za namna hiyo.) Watoto wake wawili wakaondolewa kwake. Mali yake ikapigwa mnada. Mama yake akafa mwaka 1896 mwana akiwa kifungoni, na mke wake, Constance, alisafiri toka Italia ili amwambie yeye mwenyewe habari hiyo, asiisikie kwa mdomo wa askari.

Kifungo cha Uingereza wakati ule kilikuwa kitu cha kutisha. Mfungwa alikaa peke yake katika chumba, amekatazwa kusema na wenzake, akichambua kamba kuukuu za meli mpaka vidole vinatoka damu. Fikirini adhabu hiyo kwa mtu ambaye utajiri wake wote ulikuwa mdomo wake! Alikaa Pentonville, kisha Wandsworth, na tangu mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1895 alikaa Reading. Siku alipopelekwa huko alisimamishwa nusu saa katika stesheni ya Clapham Junction, na pingu mikononi na nguo za mfungwa mwilini, na watu waliokuwa wakingoja gari-moshi wakamzunguka na kumcheka.

Mwisho wa mwaka 1896 gereza la Reading lilikuwa na mkubwa mpya, Meja Nelson, mtu wa huruma, aliyempa ruhusa ya kalamu na karatasi. Hapo Wilde akaandika, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu wa mwaka 1897, barua kwa Douglas yule yule. Ni karatasi 20 zilizokunjwa, kurasa 80 zilizojaa mpaka pembeni. Hakuruhusiwa kuipeleka. Alipewa siku ya kutoka, akamkabidhi rafiki yake Robert Ross huko Dieppe, katika Ufaransa.

Sasa angalieni vizuri yaliyotokea, maana ndipo ulipo ugomvi wangu. Mwaka 1905, Wilde alipokwisha kufa, Ross alitoa kitabu. Alikiita *De Profundis*, maneno mawili ya kwanza ya ile zaburi ya toba tunayoijua sote, tunayosali juu ya wafu wetu. Wilde mwenyewe hakuiita barua yake hivyo. Tena kitabu kile hakikuwa hata nusu ya barua. Jina la Douglas halimo. Hesabu ya fedha zilizomwagwa katika karamu haimo. Magomvi ya hotelini hayamo, wala hasira, wala yale mashtaka marefu ya mtu aliyekaa miaka miwili akikumbuka kila neno baya aliloambiwa. Yaliyobaki ni huzuni, unyenyekevu, na kurasa juu ya Kristu. Watu waliposoma, wakalia. Wakasema: Tazama mwenye dhambi alivyotakaswa!

Ross alikuwa na sababu zake. Douglas alikuwa hai, naye alikuwa mtu mwepesi wa kushitaki. Tena Ross alitaka kulisafisha jina la rafiki yake na kuwalipa waliomdai. Mwaka 1909 alipeleka maandiko yenyewe katika British Museum, yafungwe kwa miaka hamsini. Mwaka 1913 Douglas alimshitaki mwandishi Arthur Ransome, na siku ile vile vipande vilivyofichwa vilitolewa hazinani, vikasomwa kwa sauti katika baraza la hukumu la London. Kumbukeni jambo hilo, ninyi mnaopenda sahani: sauti ya kwanza kuyasoma maneno yale yaliyofichwa mbele ya watu haikuwa sauti ya mchezaji. Ilisoma ili mtu aaibike. Mwaka 1949 mwana wa Wilde, Vyvyan Holland, alitoa barua karibu nzima, lakini kwa kufuata nakala ya mashine yenye makosa mamia. Maandiko ya kweli yalipofunguliwa, Rupert Hart-Davis aliyachapa sawasawa katika kitabu cha barua za Wilde, mwaka 1962.

Na mchezo ule mashuhuri? Ulianza Dublin mwaka 1960. Mchezaji Micheál Mac Liammóir, mmoja wa wawili walioanzisha tiatri ya Gate katika mji ule mwaka 1928, alisimama peke yake jukwaani akasimulia maisha ya Wilde na kusoma maandiko yake, hata vipande vya barua ya gerezani. Alipeleka mchezo huo London, na mwaka 1961 New York, na Columbia wakauweka katika sahani. Sahani hiyo ndiyo wengi wanayoisifu hata leo. Hesabuni miaka: mchezo wa 1960, maandiko sahihi ya 1962. Sahani ikishakatwa haijifunzi neno. Sauti ya mwaka ule imekaa katika mfereji wake, nayo itarudia yale yale mpaka sindano itakapochoka.

Simlaumu Mac Liammóir, na niseme wazi. Hakujifanya kuwa Wilde. Alikuja kama msimuliaji wa hadithi, mtu anayesema: Sikieni habari za yule. Huo ni uaminifu, nao si wachezaji wote wenye uaminifu huo. (Ajabu ni kwamba katika maisha yake mwenyewe alicheza zaidi kuliko jukwaani. Alizaliwa London kwa jina la Alfred Willmore, akajifunza Kiirlandi, akajifanya mzaliwa wa Cork, na nchi nzima ikampokea hivyo mpaka alipokufa mwaka 1978.) Kosa si lake. Kosa ni la msikilizaji anayeketi jioni na glasi mkononi, anafumba macho, na kusema: Loo, huzuni nzuri namna gani!

Huzuni nzuri! Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini sijasikia kwamba humgeuza nyoka kuwa njiwa. Sauti ya mchezaji aliyefundishwa ina kazi yake: kulainisha. Inajua mahali pa kushusha, mahali pa kunyamaza, mahali pa kutetemeka kidogo. Mfungwa aliyeandika hakuwa na hayo. Ukisoma barua nzima kwa macho yako utaona anarudia neno lile lile mara nyingi, anakasirika, anasamehe, kisha kurasa chache mbele anakasirika tena. Anamwambia Douglas kwamba amemsamehe, halafu anamhesabia bei ya chakula. Waliokata walidhani wanamtendea wema. Kweli walimnyang'anya toba yake ya kweli wakampa ya sinema.

Sisi makatekista tunaotembelea wagonjwa na wafungwa tunaijua toba. Haiji na mavazi safi. Mtu analia kwa ajili ya dhambi yake, na kabla machozi hayajakauka anakuambia, «Lakini jirani yangu alianza.» Unangoja. Anarudi tena. Wiki ya tatu pengine anasema jambo moja la kweli. Ukiandika neno lile moja tu na kufuta mengine, umetengeneza picha ya mtakatifu, na yule mtu mwenyewe hayumo. Tena unamdhuru mwingine: mwenye dhambi wa kesho atasikia sahani yako, atajitazama na hasira yake, atasema, «Mimi siwezi kutubu, maana sina sauti ya namna hiyo.»

Wako wanaonijibu: Wilde mwenyewe alitaka vipande vitolewe. Ni kweli, nami sitaficha. Katika barua aliyompelekea Ross toka gerezani mwezi wa nne wa mwaka 1897 alimwagiza aipige chapa barua yote, tena apeleke sehemu kadha kwa marafiki wawili wa kike. Lakini tazameni mpango: barua yote kwanza, inakiliwe na kutunzwa; kisha sehemu kwa rafiki anayemjua mtu na shida yake. Rafiki anayepewa ukurasa anajua kwamba ni ukurasa. Anayenunua sahani dukani hajui. Karatasi ya nyuma ya sahani ina nafasi tele ya kusifu sauti; haikosi nafasi ya mistari miwili ya kusema: Hapa pamekatwa, na yaliyokatwa ni haya. Na wale wanaozitoa upya leo hawana hata udhuru wa urefu. Mashine za siku hizi hubeba saa tano na nusu bila kuhisi uzito. Mwaka 2016, gereza la Reading likiwa limekwisha fungwa, wasomaji mbalimbali waliingia katika kikanisa chake, kati yao Ralph Fiennes, Ben Whishaw na Patti Smith, wakasoma barua ile pale pale ilipoandikwa. Basi njia ipo.

Nina neno pia kwa ndugu zetu wa upande wa pili, wale wanaofurahi mno wakisikia jina la Kristu katika sahani. Wanasema: Hata yule aliungama! Polepole. Wilde alipata Agano Jipya la Kigiriki gerezani, akawa anasoma kidogo kila asubuhi akimaliza kufagia chumba chake. Hilo ni jambo la kugusa moyo, nami nalipenda. Lakini Kristu anayemwandika ni nani? Ni mshairi mkuu. Ni msanii aliyefanya maisha yake kuwa kazi nzuri kuliko zote. Kuna uzuri katika kurasa zile, na kuna mahali anapoona jambo ambalo wahubiri wengi hawalioni, kwa mfano jinsi Bwana alivyomtazama kila mtu mmoja mmoja na si kama kundi. Lakini anakosa Mwokozi. Tena katika barua hiyo hiyo anasema wazi kwamba dini haimsaidii, na kwamba imani ambayo wengine wanaiweka katika yasiyoonekana, yeye anaiweka katika yanayoguswa. Mtu akikusomea kurasa za Kristu akaacha ukurasa huo, amekudanganya kwa maneno ya kweli. Mkristu hana haja ya kudanganywa ili afurahi. Anaweza kusikiliza mtu anayetafuta na bado hajapata.

Na wale wanaosema tusimsikilize kabisa, kwa sababu alikuwa mwenye dhambi na vitabu vyake si vya parokia? Hao nawajibu kwa ufupi. Tukiondoa maneno yote ya wenye dhambi tutaondoa zaburi zenyewe.

Jambo moja sahani haiwezi kulibeba, nalo ndilo linalonishika zaidi. Wilde aliachiliwa tarehe 19 ya mwezi wa tano, 1897. Asubuhi ile, katika nyumba ya mchungaji Mwanglikana aliyekuwa amemdhamini, aliwaandikia Mapadri Wayezuiti wa Farm Street, London, akiomba wampokee kwa mafungo ya miezi sita. Mjumbe alingoja jibu, akalileta. Ada Leverson, rafiki yake aliyekuwapo, alieleza kwamba jibu lilikuwa hapana: ombi la namna hiyo linataka kufikiriwa mwaka mmoja kwanza. Wilde aliinama akalia kwa uchungu. Mapadri wale walikuwa na kanuni, na kanuni haikuwa mbaya. Mtu wa saa moja baada ya kifungo hajui anachotaka. Hata hivyo, ninapoisoma habari hii naona mlango na mtu nje yake, na sipati usingizi upesi. Usiku ule ule alivuka bahari kwenda Ufaransa.

Miaka mitatu na nusu baadaye, katika hoteli ndogo ya Paris, Ross alimwita Padri Cuthbert Dunne, wa shirika la Mateso. Ilikuwa tarehe 29 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1900. Mgonjwa hakuweza tena kusema. Alipoulizwa, aliinua mkono. Padri alimbatiza kwa sharti, akampaka mafuta. Kesho yake alikufa.

Basi, wapenzi wa sauti, toba ya mwisho ya Oscar Wilde haina sauti. Yule aliyekuwa msemaji kuliko wote wa London alikwenda mbele ya Mungu na mkono ulioinuka. Hakuna mchezaji anayeweza kuisoma. Watu wametamani sauti yake hata wakaipokea ya bandia: kuna mchoro wa sauti uliovumishwa kuwa ni yeye mwenyewe akisoma shairi lake la gereza huko Paris mwaka 1900, na mabingwa wa hazina ya sauti ya Maktaba ya Uingereza wamekata neno kwamba siye. Hata bandia ile ilipata wa kuililia.

Nitaulizwa: Basi tufanyeje na sahani hizi? Sikilizeni. Sikatazi. Ila anayewasikilizisha vijana wa parokia awe na kitabu kizima mezani, chapa inayofuata maandiko ya mkono. Sahani ikifika mahali palipokatwa, ainue sindano, asome yaliyorukwa kwa sauti yake mwenyewe, hata kama sauti yake ni ya kukwaruza. Asimwige mchezaji. Msomaji wa Misa tunamfundisha hivyo hivyo: Mtume Paulo ameandika kwa hasira, wewe soma maneno yake, usiongeze machozi yako. Mac Liammóir alilijua hilo kuliko wanaomsifu.

Tena nina shauri la pili, na hapa ndipo ugomvi wangu unapokuwa mkali. Kwa nini mnarudia siku zote kurasa za huzuni yake juu ya nafsi yake? Kuna maandiko mengine ya mtunga michezo huyu juu ya gereza, mafupi, yasiyotaka sahani nane. Barua moja ilichapwa katika gazeti *Daily Chronicle* la London siku tisa tu baada ya kutoka kwake, tarehe 28 ya mwezi wa tano, 1897. Haina Douglas ndani yake. Haina «mimi nilikuwa mkubwa nikaanguka.» Inasema juu ya watoto. Katika gereza la Reading walikuwamo watoto wadogo, wamefungwa kila mmoja peke yake katika chumba chenye giza, wamepewa mkate mbaya wasioweza kuula kwa hofu. Mlinzi mmoja, Thomas Martin, alimwona mtoto mdogo analia kwa njaa, akampa biskuti. Wakubwa wakamfukuza kazi. Wilde aliandika ili watu wajue. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, aliandika tena katika gazeti lile lile, Bunge likiwa linashughulikia sheria mpya ya magereza, akaeleza kwa utulivu njaa, ugonjwa wa tumbo, na kukosa usingizi juu ya ubao. Humo hamna neno la kupamba. Msome aliyezoea michezo yake, hatamtambua.

Barua hizo hazina sifa ya *De Profundis*. Hazifai kwa glasi ya jioni. Mchezaji hana pa kutetemesha sauti, maana mwandishi mwenyewe hajitazami. Nami nasema kwamba kama mnatafuta mahali gereza lilipombadilisha mtu huyu, tafuteni humo kabla ya kwenda kwenye kurasa za unyenyekevu. Katika zile kurasa anasema kwamba amejifunza kuwahurumia wengine. Katika barua ya gazeti hasemi hivyo, anawahurumia.

Tena kuna karatasi moja ndogo kuliko zote, yenye mistari michache. Aliiandika siku mbili kabla ya kutoka, akampa kwa siri yule mlinzi Martin. Watoto watatu walikuwa wameingizwa gerezani kwa sababu ya kutega sungura na kukosa faini. Wilde anamwomba Martin amtafutie majina yao na kiasi cha faini, kwa kuwa anataka kuilipa, ili watoto watoke kesho yake. Mtu yule hakuwa na mali tena, kila kitu kilikuwa kimeuzwa. Kuisoma karatasi hiyo hakufiki dakika moja. Ingeingia katika upande wa sahani yoyote, hata ile ya 78.